Rotesheni ya uzazi katika hospitali ya mkoa: ichagueni, lakini kwa sababu ya usiku

Kila mwaka wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa nne katika chuo chetu huletewa orodha ya hospitali tatu na kutakiwa kuchagua ile watakayofanyia mzunguko wa mafunzo ya magonjwa ya wanawake na uzazi, ambao sisi kwa sisi huuita rotesheni ya uzazi. Maswali ya siku hiyo huwa yale yale: wapi alama hupatikana kwa urahisi, wapi bwenini kuna maji, wapi bingwa si mkali. Mimi nilichagua hospitali ya rufaa ya mkoa mmoja wa Kanda ya Ziwa, nikakaa huko wiki nane, na tathmini hii ninaiandika kwa ajili ya wale watakaoletewa orodha hiyo baada yetu. Hospitali sitaitaja, kwa kuwa ninayo malalamiko juu yake na juu ya chuo changu, na wale niliofanya nao kazi hawakunialika niwakague.

Jibu langu nalitanguliza: ichagueni, ila msiichague kwa sababu zilizoandikwa katika mwongozo wa chuo. Mwongozo unasema kwamba mwanafunzi atafundishwa na madaktari bingwa katika saa za kazi. Nilichokikuta ni kwamba mwanafunzi hufundishwa na wakunga usiku, na katika karatasi zote za chuo, kuanzia ratiba hadi fomu ya tathmini, hakuna mstari hata mmoja unaolitambua jambo hilo.

Tuanze na mahali penyewe. Leba, yaani chumba cha kujifungulia, ina vitanda sita vilivyotenganishwa kwa mapazia ambayo mawili kati yake hayafiki mwisho wa reli, meza moja ya kumhudumia mtoto mchanga yenye taa ya kumpa joto, na kabati la dawa za dharura ambalo ufunguo wake hukaa mfukoni mwa mkunga wa zamu. Sikumbuki siku ambayo watoto waliozaliwa kwa saa 24 walipungua kumi, na zilikuwepo siku walipokaribia ishirini na tano. Sisi wanafunzi tulikuwa kumi na mmoja tu. Wenzetu waliobaki katika hospitali kubwa ya mjini walikuwa wakizunguka kitanda kimoja watu ishirini, na wa nyuma alikuwa anaona migongo ya wenzake. Huku kwetu ilikuwa nadra mwanafunzi kukosa mgonjwa wa kumchukulia historia na kumpima kwa mikono yake mwenyewe. Kwa kipimo hicho peke yake, cha idadi ya wagonjwa kwa kila mwanafunzi, hospitali hii inaishinda ile kubwa bila ubishi.

Jambo la mchana linalostahili sifa kamili ni ripoti ya asubuhi. Huanza saa moja na nusu kamili, na aliyechelewa hubaki nje ya mlango hadi imalizike. Aliyekuwa zamu ya usiku husimama na kusoma idadi ya waliojifungua, waliofanyiwa upasuaji, watoto waliofariki na akina mama wote waliopata matatizo, kisha maswali huanza. Siku ya kwanza bingwa aliandika ubaoni namba mbili tu, 556 na 104, akatuuliza ni za nini. Ni idadi ya vifo vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000 nchini Tanzania, kama zilivyokadiriwa katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 na ule wa mwaka 2022. Tulipomjibu hakutupongeza. Alisema kwamba namba ya pili bado ina watu ndani yake, na kwamba ripoti ya asubuhi ndipo tutakapowataja mmoja mmoja.

Niliposimama kwa mara ya kwanza, nilieleza habari za mama wa mimba ya kwanza aliyelazwa kwa shinikizo la damu, nikasema kwamba kufikia alfajiri presha yake ilikuwa nzuri. Bingwa aliuliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Nzuri ni ngapi?" Sikuwa nimeandika. Niliambiwa niende kitandani, nipime, nirudi na namba, huku watu thelathini wakinisubiri. Namba niliyorudi nayo ilikuwa 150 kwa 100, yaani bado iko juu, na tangu siku ile neno "nzuri" limenitoka kabisa katika maelezo ya mgonjwa. Wapo wenzangu waliouona utaratibu huu kuwa ni wa kuaibisha, na sikatai kwamba kuna asubuhi ambazo ulivuka mpaka, hasa pale mmoja wetu alipoulizwa maswali mpaka akalia. Lakini aibu yangu mimi ilinifunza kitu kwa dakika nne ambacho mihadhara ya muhula mzima haikunifunza.

Raundi ya wodi sina mengi ya kuisifia wala kuilaumu. Mabingwa ni wachache, kliniki inawasubiri, na upasuaji unawasubiri pia, hivyo raundi hukimbia. Siku mbili kwa wiki hutulia, na ukisimama karibu na faili utapata kitu. Siku nyingine unabeba mafaili.

Sasa nije kwenye usiku.

Zamu ya usiku huanza saa mbili, na mwanafunzi hupangiwa zamu nane katika wiki nane, ingawa hakuna anayekuja kukagua kama umefika. Wengi wetu tulizitimiza tatu au nne, tukalala. Mimi nilizifanya kumi na tatu, na si kwa sababu ya bidii niliyozaliwa nayo. Ni kwa sababu usiku wa pili nilimkuta mkunga mmoja wa makamo, mwenye miaka mingi katika leba ile, ambaye wote humwita Mama, madaktari kwa wagonjwa. Aliniona nimesimama karibu na kitanda cha mzazi nikiwa na simu mkononi, nasoma dondoo za namna ya kupima uchungu. Akasema, "Mwanangu, weka simu, weka mkono." Aliuchukua mkono wangu, akaulaza juu ya tumbo la yule mama baada ya kumwomba ruhusa, akaniambia nihesabu ndani ya dakika kumi tumbo linakaza mara ngapi na kila mara linakaza kwa sekunde ngapi, bila kumwuliza mama na bila kutazama uso wake. Nilihesabu mara tatu. Yeye, aliyekuwa akiandika mezani kwa muda wote huo, alisema ni nne, na kwamba ile moja niliikosa nilipogeuka kumtazama mtu aliyeingia.

Kwa njia hiyohiyo alinifundisha fetoskopu, lile baragumu dogo la kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, ambalo umbo lake limebadilika kidogo sana tangu Mfaransa Adolphe Pinard alipolitengeneza mwaka 1895. Chuoni tulikuwa tumeonyeshwa mashine inayotoa sauti ya mapigo ya moyo wa mtoto kwa spika, nasi tukaiona fetoskopu kama kitu cha makumbusho. Leba ile ilikuwa na mashine moja, na betri yake ilikuwa imekwisha. Kwanza alinifundisha kuutafuta mgongo wa mtoto kwa vidole, kwa kuwa huko ndiko mapigo husikika vyema, kisha kuacha kushika baragumu ili mkono usilete kelele zake, kisha kusikiliza kwa dakika nzima mara tu tumbo lilipolegea. Mapigo kati ya 110 na 160 kwa dakika ni ya kawaida, hilo nilikuwa nalijua kwa kukariri. Nilichokuwa sijakijua ni kwamba mapigo ya mama mwenyewe, ambayo ni ya polepole zaidi, husikika pia, na kwamba mwanafunzi mwenye papara huyahesabu hayo na kuandika kuwa mtoto amechoka. Tangu hapo, kila ninaposikiliza, mkono wangu mmoja huwa juu ya mshipa wa mkono wa mama.

Kuhusu partografu, mchoro wa kufuatilia uchungu unavyoendelea saa kwa saa, nina neno la pekee, kwa sababu hapo ndipo nilipoona pengo kati ya kilichofundishwa na kinachofanyika. Mchoro huu una asili ya karibu nasi: ulianza kutumiwa kwa namna tunayoijua mjini Harare, wakati huo ukiitwa Salisbury, kwa kazi ya Philpott na Castle iliyochapishwa mwaka 1972, na lengo lake lilikuwa kumsaidia mkunga aliye mbali na hospitali kujua mapema ni mama yupi anayehitaji kusafirishwa. Chuoni tulifundishwa toleo ambalo uchungu kamili huhesabiwa kuanzia mlango wa kizazi unapofunguka sentimita 4. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu, unaoanzia sentimita 5 na usiolazimisha kila mama afunguke sentimita moja kila saa. Katika leba ile karatasi zilizokuwepo zilikuwa za zamani, bango la ukutani lilikuwa la mpya, na madaktari walio katika mwaka wao wa mazoezi baada ya kuhitimu walibishana kila zamu ni lipi lifuatwe. Mchana nilikuta partografu nyingi zimejazwa mama akiwa ameshajifungua, nukta zote zimepangwa kwenye mstari ulionyooka kama uzio. Mkunga wangu alijaza zake kwa kalamu iliyofungwa kitandani kwa uzi, saa kwa saa, na pale alipokuwa amezidiwa na wagonjwa aliacha nafasi wazi. Alisema nafasi iliyo wazi humwambia anayeingia zamu kwamba mama huyu hakutazamwa, ilhali nukta ya uongo humwambia alale.

Nililipokea somo kubwa zaidi la usiku saa nane, katika wiki ya tano. Aliletwa mama kutoka kituo cha afya cha mbali, akiwa ameanza kupata degedege la kifafa cha mimba njiani, na ndugu zake walizungumza Kisukuma tu. Mimi Kisukuma changu kilikuwa kinaishia kwenye "mwangaluka", salamu ya asubuhi, ambayo kwa saa ile haikuwa na msaada. Daktari wa zamu alikuwa chumba cha upasuaji. Mkunga alimlaza mama ubavu, akamwekea oksijeni, akaniita kabatini, na hapo, huku mikono yake ikivunja vichupa, akanifanya niseme kwa sauti hesabu ya dawa ya kuzuia degedege: magneziamu salfeti ya asilimia 50, mililita 8, changanya na mililita 12 za maji ya sindano, upate gramu 4 katika mililita 20, zipite polepole kwenye mshipa, kisha gramu 5 kila upande wa makalio. Nilikuwa naijua hesabu hiyo kwa mtihani. Kuisema wakati mtu amelala mbele yako na taya limekaza ni jambo jingine, na ulimi wangu ulikwama penye 12.

Dawa ilipokwisha kuingia, mama yule akaacha kutikisika, na daktari akafika na kuthibitisha kilichofanyika, nilidhani somo limekwisha. Mkunga akanipa kiti. Kazi yangu mpaka alfajiri ilikuwa kuhesabu pumzi, ambazo hazikutakiwa kupungua 16 kwa dakika, kuangalia mfuko wa mkojo kama unaingia angalau mililita 30 kila saa, na kugonga goti kuona kama mguu bado unaruka, kwa kuwa dawa hii inayookoa ndiyo hiyo inayoweza kuzima pumzi ikizidi mwilini. Kichupa cha kalsiamu glukoneti, dawa ya kuitengua, alikiweka mezani mbele yangu kikiwa tayari na sindano yake. Nyundo ya goti hatukuwa nayo; niligonga kwa ukingo wa kiganja. Mama yule alifanyiwa upasuaji asubuhi, akapata mtoto wa kike mdogo sana aliyelia, na siku ya nne nilimkuta ameketi kitandani anakula uji. Hakunifahamu, wala hakuwa na sababu ya kunifahamu.

Usiku mwingine, mtoto alizaliwa akiwa amelegea, rangi yake imefifia, na hakulia. Wakunga wa leba ile wamepata mafunzo ya kuwasaidia watoto kupumua, yale yanayosisitiza dakika ya dhahabu, yaani kwamba ndani ya sekunde 60 tangu kuzaliwa mtoto awe anapumua mwenyewe au ameshaanza kupumuliwa kwa mfuko na barakoa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoyajaribu kwa upana: matokeo kutoka hospitali 8 nchini, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vikipungua kwa asilimia 47. Mkunga alimkausha mtoto, akamsugua mgongo, akamweka mezani, kisha akarudi nyuma hatua moja na kunipa mfuko. Alikuwa ametazama saa. Mimi sikuwa nimetazama. Barakoa yangu ya kwanza ilivuja hewa na kifua hakikuinuka. Alinirekebisha kidevu cha mtoto kwa kidole kimoja, bila neno, na kifua kikainuka. Baada ya muda ambao kwa saa ya ukutani ulikuwa dakika mbili, mtoto alikunja uso na kulia, na mama yake, ambaye alikuwa ananyoosha shingo kutazama, akauliza, "Daktari, ni wa kiume?" Nilikuwa sijaangalia.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ndiyo bidhaa yenyewe ninayoitathmini, na kwa sababu ndiyo yanayonifikisha kwenye lawama yangu kuu, ambayo ni kitabu cha kumbukumbu za mafunzo. Kila mwanafunzi hupewa kitabu chenye kurasa za kazi anazotakiwa kuzifanya: kuzalisha kawaida mara ishirini, kumsaidia mtoto kupumua mara mbili, kushuhudia upasuaji mara kumi, na kadhalika. Kila mstari unahitaji saini ya daktari. Saini ya mkunga haikubaliki. Matokeo yake ni kwamba Ijumaa mchana, katika korido ya ofisi ya madaktari, utawakuta wanafunzi wamepanga foleni na vitabu vyao, wakimsubiri daktari aliye katika mwaka wake wa mazoezi, ambaye hakuwepo usiku ule na ambaye amechoka, aandike jina lake mistari kumi na mitano kwa mpigo. Yeye anathibitisha ambalo hakuliona. Aliyeliona hawezi kuthibitisha. Mwanafunzi aliyelala bwenini akajua kupanga foleni hutoka na kitabu kilichojaa, na huyo ndiye atakayepata alama. Nilimwuliza mratibu wa chuo alipokuja kutukagua katika wiki ya sita kwa nini iwe hivyo, akajibu kwamba mwalimu wa daktari ni daktari. Sikuendelea na mjadala, kwa kuwa ni mtu mzima na mimi ni mwanafunzi, lakini jibu hilo nimelibeba mpaka leo bila kulikubali.

Lawama ya pili inatuhusu sisi wenyewe. Mwongozo wa kitaalamu unashauri mama aliye katika uchungu wa kawaida apimwe njia kila baada ya saa nne, si zaidi, isipokuwa pawe na sababu. Mchana, penye wanafunzi wengi na wagonjwa wachache walio tayari kupimwa, sheria hiyo huvunjika kimyakimya. Katika wiki yangu ya pili mama mmoja alipimwa na wanafunzi wawili ndani ya saa moja, na wa tatu nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeshavaa glovu. Alinitazama, akageuza uso ukutani, akafungua miguu bila kuambiwa. Muuguzi wa zamu ndiye aliyenizuia, kwa ukali, na alikuwa na haki. Hospitali ina bango zuri la heshima kwa mzazi mlangoni, lakini haina daftari wala utaratibu wowote unaoonyesha ni nani ameshampima nani na saa ngapi, ukiacha partografu ambayo, kama nilivyosema, mchana hujazwa kwa kuchelewa. Kipande cha karatasi kwenye kitanda kingetosha. Na anayekuja huko aje na ahadi yake mwenyewe kwamba ataomba ruhusa kwa maneno, kwa lugha anayoielewa mama, na kwamba akikataliwa atasema asante na kuondoka.

Kuvuja damu baada ya kujifungua kulinifundisha jambo moja ninaloliweka kwenye upande wa sifa, ingawa linatokana na upungufu. Utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba kukinga damu kwa plastiki yenye alama za vipimo, na kutoa tiba zote kwa pamoja mara damu inapozidi kiwango, kulipunguza uvujaji mkali na madhara yake kwa asilimia 60. Plastiki hizo katika leba ile zilikuwa zimekwisha nilipofika, na hazikuja hadi nilipoondoka. Madaktari walikisia kwa macho, na macho hupunguza. Mkunga wangu alikuwa na mzani wa watoto na akili yake: alipima vitambaa vikiwa vikavu, akavipima tena vikiwa vimelowa, na kila gramu iliyoongezeka akaihesabu kuwa mililita moja. Usiku mmoja daktari aliandika kuwa damu iliyopotea ni mililita 300. Mzani ulisema 650. Sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, ya yuniti 10 ilikuwa imeshachomwa, tumbo likasuguliwa, dripu ikaongezwa, nami nikatumwa maabara kukimbilia damu. Maabara ilikuwa na chupa moja ya kundi lake, na kaka wa mgonjwa akavua koti palepale akajitolea. Nilipotoka nilikuwa najua njia ya maabara gizani, na hilo nalo, kwa namna yake, ni sehemu ya mtaala.

Chumba cha upasuaji ni udhaifu wa hospitali hii na sitaficha. Katika wiki nane niliingia kama msaidizi wa pili mara tatu, nikashika kifaa cha kuvutia damu na kukata nyuzi. Nafasi huchukuliwa na madaktari wa mazoezi, ambao nao wanazihitaji kwa vitabu vyao. Anayetamani upasuaji aende kwingine.

Malazi ni bweni la zamani nyuma ya jengo la wagonjwa wa nje. Maji hutoka alfajiri na jioni, vyandarua mje navyo, na umeme ukikatika jenereta huhudumia leba na upasuaji tu, jambo ambalo sina sababu ya kulilalamikia. Chakula ni cha mama lishe aliye ng'ambo ya geti, ugali na sato kwa bei ya mwanafunzi, na hufungua mapema kiasi cha kukuwezesha kula kabla ya ripoti. Mtihani wa mwisho ulikuwa wa haki: vituo vya vitendo, mgonjwa mmoja wa kumchukulia historia, na maswali ya mdomo mbele ya mabingwa wawili. Kituo kimoja kilikuwa cha kusikiliza mapigo kwa fetoskopu juu ya mwanasesere, na wengi waliokuwa wamelala zamu zao walikikosa.

Kwa jumla naipa nyota nne kati ya tano, na nyota iliyopungua naitoza zaidi kwa chuo kuliko kwa hospitali. Inamfaa mwanafunzi asiyesubiri kuitwa, asiyeona haya kufundishwa na mtu asiyevaa koti la daktari, na anayeweza kukaa macho. Asiye hivyo ataondoka na saini zake na atakuwa amepoteza wiki nane. Mkifika, kabla hata ya kwenda kuripoti ofisi ya mafunzo, piteni leba mkawasalimie wakunga na kujitambulisha kwa majina. Njooni na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, tochi, glovu za saizi yenu na daftari dogo linaloingia mfukoni. Jifunzeni maneno kumi ya Kisukuma kabla ya safari. Neno la kumwambia mzazi apumue na neno la kumwomba ruhusa yatangulie salamu.

Kitabu changu kimerudi kutoka chuoni wiki iliyopita. Ukurasa wa kuzalisha umepata alama zote, kwa saini za watu ambao wengi wao walikuwa wamelala. Ukurasa wa kumsaidia mtoto kupumua nilikuwa nimeupeleka na saini ya mkunga, kwa kuwa hapakuwa na mwingine chumbani usiku ule. Wameipiga mstari mwekundu na kunikata alama mbili.